Kitufe cha Waliofumba Macho

Wifi yangu hapendi kungoja. Maji yakichelewa kuchemka anafunua sufuria na kuyagombeza. Ukimsimulia jambo anakukatiza katikati: "Haya, mwisho ikawaje?" Hata siku kaka yangu alipokwenda kumwambia kwamba anataka kumwoa, alianzia mbali kama wanaume wanavyoanza, mara moyo, mara usingizi haupatikani, naye akamjibu, "Nimekubali. Lini?" Mtaa mzima unamwita Chapuchapu. Jina hilo nilimpa mimi, kwa hiyo naona nina haki ya kumsimulia.

Mimi ni dada wa mumewe. Watu husema mawifi hawapikiki chungu kimoja. Sisi tunapikika, ila kwa kelele. Yeye huniita Bi Mdomo, na mtaona wenyewe huko mbele kwamba hakunisingizia.

Tuna studio ya picha, sisi watatu. Kaka anapiga, wifi anazisafisha picha kwenye kompyuta, mimi nakaa kaunta. Ni chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Mbele kuna kaunta yangu, mlango wa kioo na viti viwili vya wateja. Nyuma ya pazia ni himaya yake: meza, kompyuta, feni inayolia, na ukuta alioupaka rangi ya kijivu kwa mkono wake mwenyewe, kwa sababu anasema ukuta wenye rangi kali unamdanganya macho. Kibodi yake ina vitufe vitatu ambavyo herufi zake zimefutika kabisa kwa kuguswa. Usimwulize ni herufi gani, hajui. Vidole ndivyo vinavyojua.

Zamani kaka alikuwa akipiga na kusafisha mwenyewe. Jamani, kaka yangu ni fundi, sikatai, lakini ni mtu wa kubembeleza. Picha moja ya harusi alikuwa anaikalia nusu siku, anaondoa chunusi moja baada ya nyingine kama mtu anayechambua mchele. Bibi harusi mmoja alikuja kuchukua albamu yake akiwa na tumbo la miezi saba. Wifi wakati huo alikuwa akifanya kazi kwenye duka la kuchapa karatasi mtaa wa pili. Jioni hiyo alikuja, akasimama nyuma ya bega la mumewe, akatazama kwa dakika tano, akasema, "Toka hapo." Kaka akatoka, na hajarudi kwenye kiti kile mpaka leo.

Namna yake ya kazi ni hii. Kwanza anapita picha zote mara moja, kwa kidole kimoja: baki, toka, baki, toka. Zilizotikisika, toka. Zilizojirudia, toka. Zilizobaki anazigawa mafungu kwa mwanga wake: za juani, za kivulini, za ukumbini chini ya taa za manjano. Katika kila fungu anachagua moja, anaiita picha mama, na hiyo anaisafisha kwa utulivu. Hapo tu ndipo utamwona ametulia. Kisha anawaamuru watoto wote wamfuate mama yao, na kwa kubonyeza mara moja picha mia tatu zimepata rangi. Mwisho anapiga nyuso pasi, ndivyo anavyosema, maana kuna kitufe kinachonyoosha mikunjo na kufuta madoa ya wote waliohudhuria, hata ya bawabu. Picha elfu mbili, siku mbili. Watu wakimwambia haraka haraka haina baraka, anawajibu, "Na polepole haina wateja."

Nyumbani ni vilevile. Sokoni anachagua vitunguu kwa baki, toka, mpaka wauzaji wanamkodolea macho. Siku nilipomleta mchumba nyumbani, wifi alimtazama mara moja, akaninong'oneza sikioni, "Toka." Nilimnunia wiki mbili nzima. Baadaye ikaonekana alikuwa sahihi, lakini hilo msimwambie.

Sasa mwaka jana programu yake ikaletewa kitufe kipya. Unakibonyeza, kinapekua picha zote, na kila picha ambayo ndani yake kuna mtu amefumba macho kinaiweka kando. Alifurahi huyo, aliniita nyuma ya pazia kama mtoto aliyeota jino. "Wifi, njoo uone! Zamani watu thelathini wamesimama, natazama macho sitini. Sasa pap!" Nikamwambia hongera. Mimi nilijua nini?

Ikaja harusi moja. Wifi huwa haendi harusini, harusi anaziona kwenye skrini tu. Kaka alirudi na picha elfu mbili mia tatu na arobaini. Mwezi huo tulikuwa na harusi tatu na mahafali mawili, maji yalikuwa yamezidi unga. Wifi akafanya kazi yake. Kitufe cha waliofumba macho kikatoa picha mia mbili na kumi na nne, naye hakuzitazama hata moja, akazifuta kabisa, maana kwake diski chafu ni sawa na jiko chafu. Aligundua kitu kimoja tu, kwamba hakuna picha ya bibi harusi akiingia ukumbini. "Kaka yako kachelewa tena," alisema. "Kaukosa mlango mzima." Nikacheka, kwa sababu kaka kweli huchelewa.

Aliyepanga albamu ni mimi. Picha mia sita zilizobaki zilikuwa kwenye diski ndogo ya kumpa mteja, na zile bora nikazipanga kwenye kurasa. Nikamwona mjomba, nikawaona mashangazi, sikumwona baba wala mama. Nikasema moyoni, maskini, yatima huyu.

Ijumaa asubuhi bibi harusi akaja kuchukua kazi yake. Binti mdogo wa umbo, mchangamfu, anazungumza huku anatembea. Aliniambia kwamba Jumapili mchana anasafiri na mumewe, wanakwenda kuishi mbali, nchi ya watu, hajui atarudi lini. Nikamkabidhi albamu kwa mikono miwili. Ningeishia hapo. Lakini mimi ni Bi Mdomo, nikaongeza la kwangu: "Umependeza mno, mdogo wangu. Baba angekuwepo angejivunia."

Alikuwa anatabasamu. Tabasamu lilibaki palepale usoni lakini mwenyewe hakuwemo tena.

"Baba yangu yupo," alisema. "Na harusini alikuwepo. Yeye ndiye aliyenishika mkono kuniingiza."

Mdomo uliponza kichwa, wahenga hawakukosea. Nikasimama pale nimeshika kalamu sijui niiweke wapi. Yeye akaanza kufunua kurasa. Alifika mwisho, akarudi mwanzo, akafunua tena taratibu akiweka kidole juu ya kila picha. Mjomba yupo. Mashangazi wapo. Bawabu yupo. Baba hayupo.

"Ni wao," alisema. "Walikuja hapa, si ndiyo? Shangazi wa mume wangu. Alisema mapema, afadhali mjomba ndiye aniingize, baba asije akajikwaa mbele za watu. Nikakataa. Ndio waliokuja kuwaambia mumtoe?"

"Hapana, mdogo wangu, hakuna aliyekuja," nikasema. "Nadhani ni kadi ya kamera, unajua kadi hizi wakati mwingine zina…"

Pazia likafunguliwa. Wifi alikuwa amesikia yote.

"Si kadi," alisema. "Baba yako alikuwa amefumba macho?"

Bibi harusi alimtazama. "Baba yangu haoni," alisema. "Miaka ishirini sasa haoni. Macho yake hayafunguki."

Wifi akatoka nyuma ya pazia. Alishika ukingo wa kaunta. Feni ilikuwa inalia kule nyuma. Halafu akasema, wazi, kama mtu anayetaja jina lake kituo cha polisi: "Basi hakuna shangazi wa mtu. Ni mimi. Nina kitufe kinachotoa waliofumba macho. Nilikibonyeza, nikafuta, sikutazama. Baba yako nimemtupa mimi."

Nilidhani binti atapiga kelele. Ningekuwa mimi, ningepindua kaunta. Yeye alikaa tu kwenye kiti cha wateja, albamu mapajani, akalia kimyakimya. Kisha akatuambia. Mama yake alifariki angali mdogo, akalelewa na baba peke yake, kipofu vile. Wiki ya harusi baba alikwenda ukumbini mara tatu kujifunza njia, akahesabu hatua kutoka mlangoni mpaka mbele, arobaini na mbili, akazirudia nyumbani uani. Suti akaipeleka kwa fundi ikapunguzwe. Na tangu siku ile anauliza kila asubuhi, zimetoka? Kwa sababu binti alimwahidi kwamba Jumapili, kabla ya safari, watakaa amsomee picha moja moja kwa maneno, ili yeye akiondoka, baba abaki nazo kichwani.

"Nitamwambia nini?" alituuliza. "Nimwambie, baba, kwenye harusi yangu hukuwepo?"

Wifi alichukua kalamu yangu. Alisema, "Jumapili asubuhi nitakuja mwenyewe. Nikiwa nazo au nikiwa sina." Akachukua namba ya simu na maelekezo ya nyumba.

Binti alipotoka nikageuka nimpe wifi pole, nikakuta ameshashika simu anampigia kaka.

Niwaeleze kidogo jambo la kadi. Picha hupigwa zikaingia kwenye kadi ya kamera, zikanakiliwa kwenye kompyuta, kisha kaka huifuta kadi kwa kazi nyingine. Lakini picha iliyofutwa kwenye kadi haiondoki palepale. Ni kama mtu aliyefutwa jina kwenye orodha, bado amekaa kwenye kiti mpaka mwingine aje akikalie. Na wakati ule kaka alikuwa kwenye mahafali ya chuo, na kadi ileile, anawakalisha watu juu ya yule mzee.

"Umeshapiga ngapi?" wifi akamwuliza.

"Mia nne hivi. Kwani vipi?"

"Acha. Toa kadi hiyo, weka nyingine."

"Mke wangu, mkuu wa chuo yuko jukwaani!"

"Hata akiwa juu ya paa! Toa!"

Niliifuata kadi mwenyewe, kandambili zikinipiga visigino, nikairudisha nimeifumbata kiganjani kama mtoto aliyetumwa dukani. Wifi akaiingiza kwenye kompyuta, akaanzisha programu ya kutafuta zilizofutwa. Na hapo, mwenzangu, ikaanza adhabu yake. Hakuna kitufe cha kuiharakisha programu ile. Kuna mstari mmoja wa buluu unaojisogeza kama unaonewa. Mwanamke asiyengoja hata maji yachemke aliukalia mstari ule tangu adhuhuri mpaka karibu na kufunga. Nilimletea chai, ikapoa. Nilimtania kidogo, nikamwambia, "Leo umepatikana." Nikaona macho yake yamejaa, nikakiondoa kikombe.

"Wifi," akasema baadaye, bado anautazama mstari, "unajua picha ngapi nimefuta tangu nianze kazi hii?"

"Zilizofaa kufutwa."

"Ningejuaje? Sikuzitazama."

Katika zile mia mbili na kumi na nne zilirudi thelathini na saba. Mzee alikuwemo kwenye kumi na moja. Nyingi kati ya hizo zilikuwa nzima. Mbili zilikuwa na mistari pembeni, tena si mibaya. Ya kumi na moja ilikuwa ndiyo yenyewe, ya kuingia ukumbini, moja tu iliyosalia katika zote za mlango. Kumbe kaka siku hiyo hakuchelewa, tulimsengenya bure. Lakini picha ile ilikuwa nusu. Juu nyuso mbili safi, na kuanzia kifuani kwenda chini kumekatika, kumebaki bamba la kijivu kama ukuta wake. Wanafunzi wa mahafali walikuwa wamekalia mikono ya baba na binti.

Wifi aliisogelea skrini. "Mikono haipo," alisema. "Alichokuja kukifanya pale ni kumshika mkono, na mikono ndiyo haipo."

Jumamosi kutwa alisafisha picha kumi na moja. Nasema tena, kumi na moja, siku nzima, mtu ambaye saa hizo angekwisha kuozesha mji mzima. Hakuna picha mama, hakuna watoto, kila moja aliishughulikia peke yake. Pasi hakupiga. Kaka alikuja akasimama nyuma ya bega lake, akatazama, akasema kwa upole, maana naye alikuwa anatafuta namna ya kusaidia, "Siku hizi programu inaweza kumfungua mtu macho. Tumfungue?"

"Macho ya nani?" wifi akauliza.

"Yoyote. Ya mjomba wa binti, si wanalingana umri?"

Wifi akageuza kiti. "Huyu mzee kahesabu hatua arobaini na mbili gizani asimwaibishe binti yake. Halafu mimi nimpachike macho ya mjomba aliyelala kwenye hotuba?" Kaka akainua mikono juu, akaenda kuosha vikombe.

Jumapili asubuhi tulikwenda, wifi na mimi. Nyumba ya mzee ni vyumba viwili na ua mdogo uliofagiwa. Kila kitu kina mahali pake: fimbo kwenye msumari, redio kwenye rafu, kiti karibu na mlango ambapo upepo unapita. Masanduku ya binti yalikuwa yamefungwa, yamesimama ukutani. Yeye alitupokea kwa sauti ndogo na macho ya kuuliza. Wifi akamwonyesha vidole kumi, kisha kimoja. Binti akaufunika mdomo kwa mkono.

"Shikamoo, baba," tukamwamkia.

"Marahaba, karibuni. Mko wawili," alisema mzee. "Mmoja ana haraka, viatu vyake vimemtangulia."

Nilicheka, sikuweza kujizuia. Wifi hakucheka. Alipiga magoti mbele ya kiti akasema yote, bila kuzunguka, kama alivyosema kaunta: kitufe, kufuta, kutotazama. "Baba, nilikutupa. Nimekuja na kumi na moja tu. Naomba radhi."

Mzee aliinamisha sikio upande wake. "Ulinitupa kwa sababu nimefumba macho?"

"Ndiyo, baba."

Akaanza kucheka, akacheka mpaka akakohoa, binti akamletea maji. "Mwanangu," alisema akijifuta kidevu, "kwa sababu hiyo nimetupwa na wengi. Wewe ni wa kwanza kurudi kuniokota. Inuka ukae."

Binti akachukua bahasha aanze kusoma, kama walivyoahidiana. Picha ya kwanza alisema maneno mawili, sauti ikakatika. Ya pili hakuweza hata neno moja. Akayatazama masanduku yake, akaishusha bahasha. Mzee akampapasa kichwa, akasema, "Mwache aliyezitengeneza asome. Wewe kaa hapa karibu nami."

Wifi akazichukua. "Hapa umesimama na bwana harusi, mmeshikana mikono, nyuma kuna maua. Hapa mmekaa, meza, watu sita. Hapa…"

"Mwanangu, tunafukuzwa?" mzee akauliza.

Wifi akaziweka mapajani. Akairudia ya kwanza. Mzee akauliza bwana harusi ana uso gani, si uzuri, uso, ni wa mtu anayesikiliza? Wifi akaitazama picha, akaitazama hasa, nikaona macho yake yanatembea juu yake pole pole kama mtu anayetafuta sindano sakafuni. Akasema, "Kichwa amekiinamisha upande wako, baba. Kuna mtu nyuma anamwita, lakini yeye anakusikiliza wewe." Mzee akatikisa kichwa, akasema vizuri. Akauliza kola ya shati lake yeye mwenyewe ilikaaje. Akaambiwa upande wa kushoto ilikuwa imekunjika. "Nilijua!" akasema. "Nilimwambia mjomba wa huyu, akanijibu iko sawa." Picha tisa zikaenda hivyo, na hakuna aliyeuliza saa.

Kisha mzee akasema, "Niulize kitu. Mimi mara ya mwisho kumwona huyu alikuwa na miaka sita, meno mawili ya mbele hayapo. Tangu hapo namjua kwa sauti na kwa kiganja. Akicheka alikuwa anakunja pua, hapa juu, katikati ya macho. Mama yake akimkataza, atazeeka upesi. Bado anakunja, au ukubwa umemwachisha?"

Nikageuza shingo. Ile albamu ilikuwa mezani, nami niliipanga kwa mikono yangu, kila pua ndani yake laini kama yai, imepigwa pasi. Tungekwenda na albamu ile tu, jibu lingekuwa hapana, ameacha. Niwaambie kabisa kwamba Jumatatu yake wifi alizifungua zote mia sita, akaondoa pasi, moja moja, siku tisa, wateja wakanifokea mimi kaunta, na nikawafokea na wao. Lakini asubuhi ile alikuwa na picha mbili mkononi. Akaisoma ya kumi haraka kidogo, nikajua anaiogopa ya mwisho.

"Imebaki moja, baba," alisema. "Ni ile ya kuingia ukumbini. Lakini iliharibika, imerudi nusu. Kuanzia kifuani kwenda chini hakuna kitu, ni kijivu tupu." Aliigeuza kidogo kwenye mwanga. "Mikono yenu haionekani. Nimejaribu kila njia, sikuweza kuirudisha. Nisamehe."

Mzee alinyoosha mkono wake hewani, binti akaudaka.

"Mikono ya nini tena, mwanangu?" alisema. "Ile niliishika mwenyewe, naijua yote. Niambie hiyo nusu ya juu."

Wifi akaishika picha kwa mikono miwili.

"Wewe unatazama mbele. Kidevu umekiinua. Midomo inacheza kidogo, nadhani unahesabu."

"Nilikuwa nahesabu. Yeye?"

"Watu wote wako mbele yake, baba, na maua, na bwana harusi, lakini hawatazami hao. Uso ameugeuzia kwako. Anacheka, na macho yake yamefumba kwa kicheko." Akaweka kidole juu ya picha. "Pua ameikunja. Hapo hapo ulipoonyesha, katikati ya macho. Mikunjo mitatu."

"Mitatu," mzee alisema.

"Mitatu, baba. Nimeihesabu."

Machozi yalimtoka mzee kwenye macho yale yale, yakashuka, naye hakuyafuta. Akamvuta binti yake karibu, akamgusa pua kwa kidole cha shahada, na binti akacheka huku analia, mzee akaisikia mikunjo chini ya kidole.

"Ni yeye," alisema. "Ni yule yule." Halafu akamgeukia wifi. "Rudia tena, mwanangu. Tangu mwanzo."

Gari la kwenda uwanja wa ndege lilikuwa limeshapiga honi barabarani. Wifi yangu, huyu huyu anayegombeza maji jikoni, akaivuta picha karibu, akaanza upya kwenye kidevu. Akairudia mara nne.